Chumba Chetu Kisifutwe

Jumatatu, 3 Juni

Barua pepe kutoka sekretarieti ya mkutano wa kimataifa wa sera za intaneti. Chumba chochote cha washiriki wa mbali kisichokuwa na watu kumi mbele ya kamera Alhamisi, saa nane mchana, kinafutwa kwenye orodha. Kinafutwa! Miaka kumi na minne nimekuwa mratibu wa chumba chetu. Tulianzia nyuma ya maktaba: viti vya plastiki, shuka la mke wangu ukutani ndiyo skrini, watu ishirini na watano, kompyuta moja. Sauti ilichelewa mno. Swali letu likifika, wakubwa wameshakwenda kunywa chai. Siku moja tu mwenyekiti alilisoma. Tulishangilia mpaka mkutubi akatutoa nje. Sijafurahi vile tena, hata siku ya ndoa yangu (mke wangu asisome hapa).

Sasa chumba ni sebule yangu. Washiriki: mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimewapigia simu wenzangu wa zamani. Fundi saa anafuatilia kwa simu yake, kitandani. Mwalimu mstaafu macho yamemchoka. Nikajishusha, nikampigia hata Foleni. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila mara alitaka swali lake liwe la kwanza. Tulibeba viti pamoja miaka sita. Alipovuta intaneti kwake, akanisahau kama mwavuli wakati wa kiangazi. Ameniambia nisijisumbue, siku hizi kila mtu ni chumba chake. Tena yeye keshajiandikisha kuzungumza. Wa kwanza, bila shaka. Nimekata simu. Nikamkumbuka alivyokuwa, nikaumia.

Jumatano, 5 Juni

Mpango! Upande wa mke wangu ni watu wengi na hawakosi kikao. Nimewatumia ujumbe: kikao cha familia, kesho saa nane kasoro robo, jambo zito. Jambo gani, sikusema. Wote wameitikia. Shemeji mkubwa, dada yake mke wangu, mwanamke asiyemeza neno, ameuliza kama hatimaye nitajieleza. Nikajibu ndiyo, shemeji. Kujieleza kwa lipi? Haidhuru. Kumi ni kumi.

Mke wangu anasema njia ya mwongo ni fupi. Hajui mambo ya kimataifa.

Alhamisi, 6 Juni

Wamekuja kumi na wawili! Nimewapanga mistari miwili, warefu nyuma. Nikawaambia wapungie kamera, ndio utaratibu mpya wa vikao. Wakapunga. Sekretarieti ikahesabu, ikaandika asante. Machozi yalinilenga. Sebule ilikuwa na joto la watu, kama zamani.

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga kipaza sauti. Sikufunga. Zamani hatukuwa tukifunga. Mada ilikuwa haki ya kila mtu kupata intaneti. Mwenyekiti akauliza kama chumba chetu kina neno. Shemeji akadhani kikao kimefunguliwa, akasimama. Akasema nyumba hii intaneti ina mwenyewe, mwanamume mmoja, na neno la siri kalificha. Mdogo wake, yaani mke wangu, akitaka kuzungumza na wanawe walio mbali, anaambiwa asubiri wakubwa wa dunia wamalize. Mwaka jana alisubiri siku tano. Mjukuu akazaliwa, kila mtu akamwona isipokuwa bibi yake. Wote wakaguna. Mke wangu akatazama chini. Hilo la mjukuu sikulijua. Au nililijua, nikalipita.

Nikajifariji kwamba kule hakuna anayeelewa Kiswahili. Kumbe Foleni! Zamu yake ya kuzungumza imefika, kaiacha, kakaa anatafsiri neno kwa neno, bila kuruka hata kikohozi. Ukumbi mzima umesimama kupiga makofi.

Ijumaa, 7 Juni

Barua pepe. Chumba hakifutwi! Mratibu mpya: shemeji. Mimi nimeandikwa msaidizi wa viti.

Nimempa mke wangu neno la siri. Ameongea na mjukuu saa mbili nzima. Nilimsikiliza kutoka jikoni, nikaona haya. Foleni naye amepiga simu: mwakani anataka kuja sebuleni, akae na watu, kule kwake amechoka kujisikiliza. Nilikuwa nimeandaa matusi. Nikajikuta namwuliza kama bado mgongo wake unaweza kubeba viti.

Jumamosi, 8 Juni

Msaidizi wa viti! Baada ya miaka kumi na minne! Nimewaandikia sekretarieti: naomba kufungua chumba cha pili, jikoni. Wamejibu upesi. Watu kumi mbele ya kamera, Jumatano, saa nane.

Nimeshatuma ujumbe, safari hii kwa upande wangu: kikao cha ukoo, jambo zito, wasikose. Shangazi amejibu kwamba siku hii ameingoja miaka mingi, na atakuja na karatasi aliyoandika pande zote mbili. Vizuri sana. Hawa ni damu yangu, watanisema nini?