Sura Asilia ya Korola ya Illuminée

Ilitangazwa kwa spika, kwa barua na kwa mdomo wa Bwana Gasana mwenyewe: kuanzia siku hiyo, hakuna gari litakalotembea Rubavu likiwa na sura tofauti na ile lililozaliwa nayo kiwandani. Kamati ya Kulinda Sura Asilia ya Magari ilikuwa imeundwa. Mwenyekiti: Bwana Gasana.

Illuminée, fundi cherehani, alisikia tangazo akiwa chini ya Korola yake ya mwaka tisini na sita. Alikuwa ameikata springi ikae chini, viti amevivisha vitenge vya Goma, na pezi la nyuma amelikunja kwa bati lililobaki la jikoni. Jumamosi ingembeba mdogo wake, Keza, kwenda kufunga ndoa.

Alhamisi akaitwa ofisini, aje na gari.

"Mama, gari hili lirudishwe kama lilivyotoka Japani," alisema Bwana Gasana, aliyekulia Tabora na kujivunia Kiswahili chake.

"Bon, monsieur, kule ilitoka na usukani kuume. Sheria ikasema tuuhamishe kushoto. Sasa mi niurudishe, polisi anifunge, ama niuache, kamati inifunge?"

Mwenyekiti alitafakari kwa niaba ya taifa. "Uko huru kuchagua," alisema.

Kisha akamgeukia karani wa kamati, Mukashyaka, mwenye wiki mbili kazini na kanuni zote kichwani. "Funga mnyororo kila gari lililobadilishwa. Bila woga, bila upendeleo."

"Kila gari, mukubwa?"

"Kila gari!"

Kwa kuwa itifaki husema mkubwa hutangulia, Mukashyaka alianza na gari la mwenyekiti. Vioo vyeusi: havikutoka kiwandani. King'ora, kijiti cha bendera: wala. Mnyororo ukalia gurudumuni.

Bwana Gasana aliita kikao cha dharura papo hapo, akakifungua, akachangia, akajipongeza, akaivunja kamati.

"Sasa fungua!"

"Haiwezekani, mukubwa. Kufungua ni kazi ya karani wa kamati. Na kamati haiko tena."

Illuminée alikuwa ameshawasha gari.

Jumamosi Keza alifika kanisani kama malkia. Bwana Gasana, mgeni rasmi, alifika kwa miguu, ndoa imeshafungwa, akaomba lifti ya kurudi.

"Ingia, monsieur. Kaa hapo katikati ya mashangazi."

Korola ilikuwa chini sana. Kila tuta, abiria mzito alitakiwa kushuka. Bwana Gasana alishuka mara saba. Mara mbili alisukuma.