Kuhusu Viti vya Mtaa wa Brenner na Damu ya Ukoo wa Mume Wangu

Kwa Mheshimiwa Hakimu Carruthers,
Mahakama ya Jiji, Pittsburgh.

YAH: MWANANGU DENNIS KUHAMISHIWA ARIZONA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mafua ya msimu huu hayajakugusa. Sisi wa Mtaa wa Brenner hatujambo, ukiondoa aibu.

Mimi ni mama yake Dennis, yule kijana wa viti. Amevuka thelathini na ana ndevu, lakini ni kijana. Kwetu hapa mtu akishachimba theluji akapata pa kuweka gari, huacha kiti pale anapoondoka, na pahali pale panakuwa pake kama kitanda chake. Dennis alikuwa akiondoa viti vya watu, anaegesha, kisha anavileta nyumbani. Polisi waliposhuka chumba chetu cha chini walidhani tunaandaa harusi.

Hilo sibishi. Ninayemlalamikia ni mtaalamu wenu, Daktari Whitcomb, aliyeandika kwamba tabia ya Dennis imetokana na mazingira ya nyumbani, na kwamba dawa ni kumtoa kwangu akaishi na binamu yake Arizona, ambako theluji haianguki. Mheshimiwa, mazingira ya nyumbani ni mimi. Kanisani watu wananiangalia kama moshi wa kiwanda. Naomba kuthibitisha kwamba tatizo ni damu, na damu yenyewe si yangu.

1. Baba wa babu yake Walter, mume wangu, alishuka melini na sanduku la mtu mwingine, akaivaa suti iliyokuwemo mpaka akazikwa nayo. Mzee Leo, baba mdogo wa Walter, alikwenda kumuaga marehemu kaka yake akatoka na viatu vya marehemu, tena amevivaa. Shangazi Wanda hajanunua sukari tangu nimfahamu. Huitoa mikahawani kwa mkoba.

2. Masikio. Pasaka iliyopita niliyapima masikio ya ukoo mzima kwa utepe wa kushonea, wao wakiendelea kula. Mzee Leo aliniuliza, "We Bernadine, unanishonea sikio?" Nikamwambia atulie, hii ni sayansi. Ndewe zao zote zimegandana na shavu, za Dennis pia. Sikio kubwa kupita yote ni la Mzee Leo, na yeye ndiye mwenye viatu. Upande wetu ndewe zinaning'inia vizuri, na hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani isipokuwa dada yangu Theresa, naye kama shahidi.

3. Nyumba yangu ina picha ya Baba Mtakatifu sebuleni na nyingine jikoni. Sofa bado liko ndani ya plastiki yake ya dukani. Nani anaweza kujifunza wizi juu ya plastiki, Mheshimiwa? Ukijitikisa kidogo tu nyumba nzima inasikia.

4. Daktari Whitcomb mwenyewe alikuja kutuchunguza. Alikula kabichi yangu ya kuviringishia nyama, akaongeza, kisha akasema, "Mama Sobczak, nifungie na ya kesho." Nikamfungia. Chombo changu hajakirudisha hadi leo. Kwa bahati mbaya siku ile sikumtazama masikio.

5. Bi Filomena Dilorenzo wa mlango wa pili ameieleza Mahakama kwamba Dennis aliondoa hata ile fremu ya chuma aliyokuwa akitembelea marehemu mumewe, aliyoiweka nje badala ya kiti. Ni kweli. Bibi alifungua dirisha akapiga kelele, "We Denny huna haya! Hiyo ni ya marehemu!" Dennis akajibu, "Sasa Bi Dilorenzo, marehemu anaegesha gari gani?" Jibu hilo, na lile tabasamu lake, ni la Mzee Leo mtupu. Mimi sikumfundisha. Nilicheka tu, tena nikiwa nyuma ya pazia.

Kwa hiyo naomba Mahakama imwadhibu mwenye kosa, yaani yule mzee wa sanduku. Amelala makaburi ya Mtakatifu Kasimiri, karibu na bomba la maji. Nasikia mnacho kile kifaa cha kufungwa mguuni ili mfungwa asitoroke. Kifungeni kwenye jiwe la kaburi lake. Nakuhakikishia hamtapata mfungwa mwingine mtiifu kama huyo. Dennis abaki nyumbani. Arizona haitasaidia, kwa sababu huko watu wanagombania kivuli, na damu ile itaanza kuiba miavuli.

Nisalimie karani wako, yule anayekohoa, mwambie asali na limau. Msalimie askari wa mlangoni na mkewe. Daktari Whitcomb pia msalimie, na umkumbushe chombo.

Wako kwa heshima, nisiye na hata tone la damu yao,

Bernadine Sobczak (Bi.)

N.B. Nilikuwa nimekwenda kununua stempu ya barua hii. Asubuhi theluji imeanguka tena, na niliporudi, pahali nilipopachimba kwa mgongo wangu huu mbovu pamewekwa gari la mtu. Kilichofuata sikielewi vizuri. Ninachojua ni kwamba gari langu sasa limekaa pa majirani zetu akina Novak, na kiti chao kirefu cha kulishia mtoto kiko hapa jikoni kwangu, kinachuruzika maji. Dennis amekiona akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama! Hata cha mtoto?"

Basi, Mheshimiwa, usisome namba 1 hadi 5. Namba 2 unaweza kuisoma, niliifanyia kazi sana. Huenda daktari amesema kweli, na nimemharibu mimi. Lakini Walter amekuwa kiziwi, hasikii tena, na Dennis akiondoka humu ndani hakuna atakayenijibu. Kama nimemharibu, nakuomba uniachie huyohuyo.