Gunia la Mia na Moja

Jumanne, 12 Aprili 1983
Tumefika Karatu saa kumi, ghala limefungwa. Tutashusha kesho. Mjomba Tluway ameshuka kunywa chai. Mimi, karani wake tangu nimalize kidato cha nne, nimehesabu magunia ya sukari. Hati inasema mia. Nimepata mia na moja! Nimerudia mara tatu. La mwisho ni nusu, limefungwa kwa kamba ya katani.

Redioni kila siku walanguzi wanakamatwa. Sukari isiyo kwenye hati ni kifungo. Nilitaka kumwuliza mjomba, nikaona haya. Je, kama ni yake? Nitamwokoa bila yeye kujua.

Jumatano, 13 Aprili
Asubuhi nimemkuta Mama Nareyu, anayetuletea maziwa nyumbani, akipakia punda mahindi arudi boma. Nimemtwika punda gunia lile, nikaomba asiseme, nikakimbia. Amani nusu saa nzima.

Halafu mzani. Mama Germana, mtunza ghala, amesema mzigo umepungua kilo arobaini. Mjomba akamwambia magunia mawili yalipasuka mlimani pale Mto wa Mbu, akaizoa sukari akaitia kwenye gunia la peke yake, kama kila dereva afanyavyo. Mimi mlima wote nilifumba macho nikisali rozari. Aliposimama kuzoa nilidhani tumeanguka.

Gunia halikuonekana. Askari ameitwa. Mjomba amekaa ofisini bila viatu. Sukari isipopatikana kufikia kesho jioni, anapelekwa mahabusu Arusha. Nilifungua mdomo niseme. Nikakohoa. Mama Germana akanipa maji.

Alhamisi, 14 Aprili
Saa nane Mama Nareyu ametokea ghalani na punda na gunia, kamba haijafunguliwa. Amenielekezea fimbo mbele ya askari.

“Wewe mtoto, nani anagawa sukari siku hizi halafu anakimbia? Sijalala. Chukua. Punda wangu hana wa kumwekea dhamana.”

Askari amecheka. Uzito umetimia. Mjomba amevaa viatu. Njiani hakunigombeza. Amesema tu, “Mwanangu, ukiona kitu hukielewi, niulize.” Nimeapa.

Jumatatu, 18 Aprili
Lori limelala nyumbani na unga, hati inasema magunia themanini. Nimehesabu themanini na moja! La mwisho ni jepesi. Nimekwenda kumwuliza mjomba, nikamkuta na wageni. Nimerudi.

Safari hii simpi mwenye punda. Nimelificha mahali ambapo askari hawezi kufikiria: chini ya kitanda cha mjomba.