Rangi za Kanisa Sebuleni Kwangu

Jumatano, 9 Julai 2025

Taa imefika! Imetoka Mwanza na basi la mchana, ndani ya kiboksi kidogo. Nimeipokea stendi kwa mikono miwili. Kondakta akauliza kama ni dawa ya mgonjwa. Nikamwambia ni zaidi ya dawa.

Hali ya vita ni hii. Jumamosi ya wiki ijayo jumuiya yetu ndogo ya Mtakatifu Yohakimu inachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili. Mimi, Januarius, muuza vipuri vya baiskeli, katibu wa jumuiya tangu enzi. Na jirani yangu Machibya, ambaye sifa yake yote ni turubai. Ana turubai na viti vya plastiki. Akifa mtu mtaani kwetu, Machibya kafika na turubai kabla wafiwa hawajafuta machozi ya kwanza. Wanamwita mtu wa watu. Mtu wa viti!

Mimi sina turubai. Ila sasa nina taa inayobadilika rangi kwa amri ya simu. Boksi linasema rangi milioni kumi na sita. Mimi nahitaji nne tu, zile za kanisa. Sebule yangu itafuata kalenda ya liturujia. Nani atampigia kura mtu wa viti?

Alhamisi, 10 Julai

Kwa macho ni balbu kama balbu nyingine. Kwa tabia ni mtu aliyerudi kutoka chuo. Haitoi rangi mpaka ipewe intaneti. Basi simu ya mke wangu Milembe inairushia intaneti, na simu yangu inatoa amri. Bando linaloliwa ni la Milembe. Hakufurahi. Nikamwambia mke wa mwenyekiti lazima ajitoe.

Maelekezo yanataka uzime na kuwasha swichi mara kadhaa hadi balbu ianze kupepesa. Nikazima, nikawasha. Ikapepesa. Simu ikatafuta, ikasema haioni kitu. Nikarudia. Ikakataa. Nikarudia tena. Machibya akatuma mtu kuuliza kama tunahitaji fundi umeme. Nikajibu kwamba tunasali.

Jioni, KIJANI! Makochi kijani, picha ya harusi kijani, Milembe kijani. Nikapiga ishara ya msalaba. Milembe akasema nafanana na mchicha. Siasa haijui.

Jumamosi, 12 Julai

Ushindi! Sala ya jumuiya imefanyika kwangu. Nilifunga mapazia, nikawasha. Mama Nyanjige alisema "Yesu na Maria" kwa sauti.

Nikasimama nikafundisha. Kijani ni kipindi cha kawaida. Nyeupe ni sikukuu. Nyekundu ni Pentekoste na mashahidi. Zambarau ni toba na wafu. Nikasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba kuanzia sasa hakuna haja ya kuulizana habari, taa itasema yenyewe. Siku wakiona zambarau kwenye dirisha la Januarius, wajue nyumba hii ina kilio.

Machibya akauliza, je, taa ikiharibika? Wivu. Nikamjibu kwamba hata turubai huchanika. Watu wakacheka, nami nikahesabu kila kicheko kuwa kura.

Mwishoni tukamwombea mama mkwe wangu, mama yake Milembe, anayeumwa presha kule Nkoma. Nilisali kwa nguvu. Ni mama mzuri. Sijawahi kukaa naye chumba kimoja, maana kwetu mkwe hamkabili mama mkwe, lakini kwa mbali tunaheshimiana sana.

Jumatatu, 14 Julai

Usaliti ndani ya nyumba. Milembe anazima taa kwenye swichi! Eti umeme unaisha. Swichi ikizimwa, balbu inakufa, na simu inabonyezwa bure kama kengele ya baiskeli iliyoingia maji. Nimemweleza kwa upole. Akasema taa huzimwa ukutani tangu zamani.

Nimebandika selotepu juu ya swichi. Mizunguko mingi. Nimemwapisha asiiguse hata nyumba ikiungua. Ameapa. Milembe akiapa ameapa.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nikiwa Maswa. Nimefuata tairi za baiskeli na balbu ya pili, maana mwenyekiti mtarajiwa anatazama mbele. Nalala kwa rafiki yangu Anatoli, mwenye duka mtaa wa Binza.

Nikamwambia Anatoli kwamba nikiwa hapa hapa dukani kwake naweza kubadili rangi ya sebule yangu kule Bariadi. Akacheka. Akasema niache uongo, mimi mtu mzima. Nikachagua rangi inayoonekana zaidi, nikabonyeza zambarau. Nikampigia Milembe, nikaweka sauti ya juu. Akathibitisha kwamba sebule imekuwa zambarau, na yeye ndani yake amekuwa bilinganya, na nirudishe upesi.

Uso wa Anatoli! Nitaukumbuka mpaka kaburini.

Nikabonyeza kijani. Haikubali. Nikabonyeza tena. Haikubali. Bando la Milembe limekwisha. Si neno. Zambarau nayo ni rangi ya kanisa. Nitairekebisha kesho.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya ajabu. Naandika nikiwa nimefungiwa chumbani kwangu mwenyewe. Nianze mwanzo.

Alfajiri Machibya alinipigia. Sauti nzito. Akanipa pole kwa msiba wa mama mkwe, akasema nisihangaike, turubai lipo tayari. Nikakaa juu ya tairi. Mama wa watu! Nililia kweli, Anatoli ni shahidi. Nikapanda gari la kwanza.

Nakaribia nyumbani, naona turubai limesimama, viti vimepangwa, wanawake wamekuja na unga na kuni. Milembe amelala ndani, sauti imekauka, anaita "mayu wane, mayu wane", mama yangu, mama yangu. Shemeji Mabula, kaka yake Milembe kule Nkoma, simu yake haipatikani. Walikuwa wanatafuta gari la kuwapeleka wote huko.

Nikatazama sebuleni. Zambarau inawaka. Jana niliichagua mwenyewe, katika rangi milioni kumi na sita, bila kujua! Taa ilijua. Nikawaeleza waombolezaji muujiza huo. Mama Nyanjige akaniuliza nina maana gani kwamba niliichagua mwenyewe. Sikuelewa swali.

Mchana nikaingia chumbani kubadili shati. Nje kikaanza kilio kipya, kikubwa. Nikachungulia dirishani. Mgeni ameshuka kwenye bodaboda, amebeba kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ameona turubai, ametupa kapu, amejitupa mkekani katikati ya wanawake. Kwetu kwenye kilio huulizi kwanza. Unalia kwanza.

Mama mkwe!

Mzima kabisa. Mnene kuliko mwaka jana. Na alikuwa ananililia mimi. Hakumwona binti yake, hakuniona mimi, akajua mwenye nyumba ndiye ameondoka. Alilia kwa Kisukuma, akamalizia kwa Kiswahili ili wageni wote wafaidi: "Mkwe wangu! Hakuwa na akili nyingi, lakini alikuwa wetu!"

Milembe akasikia sauti ya mama yake. Akatoka mbio. Akapiga ukelele. Wanawake wakatawanyika, mmoja akakumbatia nguzo, turubai likalala juu ya viti.

Kilio kilipotulia, Machibya akainuka kutoka chini ya turubai na kuuliza kwa adabu ni nani hasa amekufa. Milembe akasema yeye alilia kwa sababu watu wamekuja wakilia, na akijua mama yake anaumwa, akadhani wameletewa habari. Watu wakasema wao walilia kwa sababu ya taa. Mwenyekiti mtarajiwa alifundisha. Wote wakageukia dirisha langu.

Nilitaka kutoka nieleze. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pangu, anakunywa uji wa msiba wake. Mila ni mila. Dirisha lina nondo. Nikajitetea kupitia nondo. Nikasema lawama ni za bando. Nikasema kwamba kama Milembe angezima swichi yasingetokea haya. Milembe akauliza, swichi gani, ile yenye selotepu?

Jioni Milembe amekuja mwenyewe chumbani. Hakugomba. Aliketi kitandani akasema kwamba tangu asubuhi alikuwa hana mama, na sasa anaye. Kisha akalia tena. Nikamshika mkono. Niliona aibu, nakiri. Ilidumu mpaka chakula.

Jumamosi, 19 Julai

Uchaguzi. Machibya amepata kura zote isipokuwa moja. Milembe alikuwa ameketi karibu yangu kabisa. Sitaki kuuliza.

Watu walisema hawajawahi kuona turubai likisimama upesi vile. Kwa maiti asiyekuwepo! Je, angekuwepo? Hoja hiyo ilinimaliza. Azimio la kwanza la mwenyekiti mpya ni kwamba misiba itatangazwa kwa mdomo wa binadamu. Kisha akanishukuru mbele ya wote kwa moyo wangu wa kujaribu, akanipangia kazi ya kukunja viti. Nimekunja viti. Kila kimoja kilinichoma moyo.

Mama mkwe amebaki kupumzika. Unga na kuni alizoletewa amezuia zisirudishwe. Amesema msiba ulikuwa wake.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari wakati wa misa, hasa kuhusu maneno yale, "alikuwa wetu". Hakuna aliyewahi kunisema vizuri hivyo. Nitamwomba Milembe amshauri mama yake aondoe sehemu ya kwanza.

Na nimegundua kosa. Tatizo halikuwa taa. Tatizo taa ilikuwa moja! Watu waliona rangi bila maelezo. Ingekuwepo ya pili barazani, inayoonekana mtaa mzima, jumuiya ingejua mara moja kwamba nyumba hii wote wazima. Balbu ya Maswa! Wala sikuinunua bure. Uchaguzi mwingine uko mbali, lakini mwenye busara huanza mapema.

Nimeifunga barazani jioni hii. Nimemnunulia Milembe bando. Nimebandika selotepu mpya. Na balbu hii ina mtindo wa kuchezacheza kama ndimi za moto, Pentekoste tupu! Nimeiweka nyekundu, mwanga wa juu kabisa. Inalamba ukuta mpaka kwenye paa. Imependeza mno. Milembe na mama yake wako uani, bado hawajaiona.

Mtaa mzima umeiona. Watu wanatoka majumbani. Naona Machibya anakuja mbio, mbele ya wote, na ndoo ya maji kila mkono. Maskini, ameleta na maji ya kunawa. Atakuwa anakuja kuomba radhi.