Tarikhi ya Fundi Cherehani na Kompyuta ya Msumarini

Enyi mliokaa vitini nanyi mliosimama mlangoni, sogeeni mtege masikio, maana leo inasimuliwa habari ya Fundi Cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, Simba wa Uzi, Mshika Chaki Asiyetetemeka, aliyejiandikisha darasa la jioni la kuzamia wakati wenzake walikuwa wakijiandikisha kwa daktari wa magoti. Mola aliyeyapa maji kina chake auongoze ulimi huu usitie chumvi. Au akipenda, auachie kidogo.

Ilikuwa adhuhuri, katika chumba cha kubadilishia nguo kando ya machimbo ya zamani yaliyojaa maji. Asubuhi ile shujaa wetu na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu wa mitambo ambaye hata birika lake la chai lilikuwa na kioo cha tarakimu, walikuwa wamezama mita kumi na saba kwa dakika arobaini, wakarudi salama. Sasa walikuwa wakingoja kuzama mara ya pili, kina kilekile. Ndipo ngome ilipoanguka: kompyuta ya kuzamia, ile inayohesabu dakika salama za kukaa chini, iliyofungwa mkononi mwa shemeji, ikazima, betri imekata roho.

Shemeji hakulia. Alitoka kwa hatua za jemadari, akamwendea mjaza mitungi ya hewa ofisini, akarudi amevaa kompyuta ya kuazima, iliyokuwa imening'inia msumarini tangu alfajiri.

"Tazama, shemeji!" akanguruma. "Dakika hamsini na tano za kukaa chini! Wewe na hilo jedwali lako la plastiki la kuhesabia dakika mnasemaje?"

Fundi Cherehani alifumba macho akaomba, akaomba kwa kirefu, hadi chai ya shemeji ikapoa. Kisha akachomoa silaha zake: miwani, penseli, na jedwali lililochakaa pembe. Kidole kikashuka safu ya mita, na kwa kuwa kumi na saba haikuwamo, kikachukua kumi na nane bila kusita; maana ni mila ya jedwali, kama ilivyo mila ya mshonaji, kuacha nafasi: nguo pana hupunguzwa, iliyobana haina dawa. Kikavuka saa moja ya mapumziko, kikageuka upande wa pili, kikapotea, kikarudi mwanzo, kikatua.

"Thelathini na nne," akatamka, na makabati yakaitikia.

"Miwani imekudanganya. Kompyuta haikosei!"

"Haikosei, shemeji. Inasema kweli tupu. Lakini asubuhi wewe ulikuwa chini ya maji, yenyewe ilikuwa ofisini. Naitrojeni ya hewa iliyokuingia damuni kule chini, kompyuta haina habari nayo. Hizo hamsini na tano ni dakika za msumari."

"Maneno ya cherehani hayo!"

"Ukizidisha, hiyo naitrojeni itafoka mwilini kama soda iliyotikiswa. Nimwambie nini dada? Nimekuletea mumeo, ila viungo havikunjuki?"

"Haya, tutajua hukohuko chini," akasema shemeji, akabeba mtungi wake.

Wakazama. Majeshi mawili yakakabiliana juu ya tope, samaki mmoja akiwa shahidi, naye hakukaa sana. Ilipotimu dakika ya thelathini, Fundi Cherehani akainua kidole gumba: tupande. Shemeji akatikisa kichwa, akamsogezea mkono wenye kompyuta: dakika ishirini na tano zimebaki! Shujaa wetu hakumvuta, wala hakumpiga teke, ingawa teke lilimjia moyoni, Mola amsamehe. Alitoa kibao chake cha kuandikia, akachora kwa herufi kubwa: MSUMARI.

Shemeji akasoma. Mapovu yakamtoka mengi, kama ya mtu anayetukana ndani ya maji. Hakusogea.

Fundi Cherehani akaongeza chini yake neno moja: DADA.

Wakapanda polepole, wakasimama mita tano kwa dakika tatu, kama walivyofundishwa.

"Nilikuwa napanda hata hivyo," shemeji akasema alipovua kinyago. "Baridi."

Basi iandikwe, na vizazi visome, kwamba siku ile mtu mzima aliondoka chini dakika nne kabla ya wakati, na kompyuta ikarudishwa msumarini pake bila jeraha. Jioni, mezani kwa dada, shemeji akakunja kiwiko, akakikunjua, akapeleka kijiko kinywani, akalalamika kwamba chumvi imezidi. Fundi Cherehani akaweka kijiko chini, akamshukuru Mola kwa sauti, dada akimkodolea macho.