Vita vya Mbegu Moja Kidevuni

Sogeeni, enyi wapalizi wa bustani na wapika mchuzi, kaeni kitako, niwasimulie vita ambavyo risasi haikulia wala damu haikumwagika, ila mkwe mmoja nusura azimie.

Palikuwa na mtafiti wa mimea, majirani wakimwita Darubini, jemadari wa vitalu, hasimu wa kuvu. Alipanda nyanya za kila ukoo, kisha akaziachia bakajani, maradhi yale yaunguzayo majani. Zikaanguka kifudifudi, isipokuwa mche mmoja mkaidi, kwani jeni zake zilipishana kidogo tu na za nduguze, na katika tofauti hiyo ndimo ilimokuwa ngao. Halafu panya wakaukata. Likasalia tunda moja tu, lenye mbegu zote za ukoo huo. Darubini akalibeba hadi nyumbani juu ya pamba kama mwana wa mfalme, akaliweka mezani, akaenda kunawa mikono.

Ole wake! Aliporudi alimkuta mama mkwe, mgeni wa juma zima, akilamba vidole.

"Shikamoo, mama," alisema. "Ile nyanya..."

"Marahaba, baba. Nimeila na chumvi. Chachu hiyo! Mnazinunua wapi?"

Dunia ikamzunguka. Jasho la miaka limemezwa! Ndipo alipoiona: mbegu moja, imenata kidevuni pa mama mkwe. Na mkono wenye leso ulikuwa tayari unapanda.

"Usifute!" alinguruma, kisha akapiga magoti upesi, maana mkwe hakemewi. "Ewe mama wa mke wangu, mlango wa heri yangu! Nipe kidevu hicho kwa dakika moja, nao wajukuu zako watakula nyanya mpaka wazikinai!"

"Mwanangu!" mama alimwita bintiye aliyekuwa chumbani. "Njoo umwone mumeo, ananiomba kidevu!"

Hata hivyo alitulia tuli. Darubini akachomoa kibanio. Akakosa. Mbegu ikateleza hadi ukingoni, ikaning'inia. Akajaribu tena, akainasa! Akailaza juu ya karatasi yenye unyevu, akalia mbele ya mkewe bila haya.

"Sasa naweza kufuta mdomo?"

"Futa, mama."

Enyi vizazi vya nyanya mtakaochipua, ikumbukeni saa hiyo: mama mkwe alifuta mdomo wake, na majeshi ya bakajani, popote yalipokuwa yamepiga kambi, yakaanza kushindwa.