Maadui wa Maharage Yangu

Jumatatu, 10 Novemba
Daktari Nirmin kasema figo zangu zimechoka. Chumvi, basi. Ful, maharage yetu, vijiko vinne tu, mara mbili kwa wiki. Tena yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe, maji yamwagwe tena. Maji ndiyo utamu! Mimi Shawki, Mkairo halisi, miaka hamsini na tisa nafungua kinywa kwa ful, leo napimiwa kama kasuku! Mke wangu Inshirah anaitikia kwa kichwa. Wamekula njama.

Jumanne, 11 Novemba
Niliaga naenda kunyoosha miguu. Nikainyoosha mpaka kwenye mkokoteni wa Zaghlul, muuza ful. Upawa ulishazama chunguni. Akaniona, akautoa mtupu.
"Hajji, nisamehe. Mkeo, Mama Karima, kapita hapa asubuhi. Kasema nikikuonjesha tu, chungu atanivika kichwani."
Miaka ishirini namuungisha! Msaliti. Nikatangaza ful yake ina mawe. Wateja wakacheka. Wakanicheka mimi!

Jumatano, 12 Novemba
Nimemtuma jirani Labib aninunulie. Tumekula darini kwake: mafuta, achari, chumvi tele. Labib mlafi, anamega matonge kwa mikono miwili. Nusura nimng'ate. Hata hivyo, ushindi!

Alhamisi, 13 Novemba
Viatu haviingii. Miguu imeumuka kama mikate. Moyo unarukaruka. Hospitali, sindano. Daktari kauliza nimekula nini. Nikaapa: supu ya kabichi. Damu ikaniumbua. Kasema potasiamu imepanda, moyo ungesimama; nikirudia, ni mashine ya kusafisha damu. Nikangoja Inshirah afoke. Hakufoka. Aligeukia ukutani akalia.

Ijumaa, 14 Novemba
Inshirah kapika ful ya masharti, kwa ndimu na bizari. Vijiko vinne kwangu, vinne kwake. Nikamuuliza naye anaumwa nini.
"Tangu Jumatatu nakula unachokula, Baba Karima. Sahani yangu huiangalii."
Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Na ilikuwa tamu, laana! Nimeapa: ful ya mtaani siigusi tena.

Jumamosi, 15 Novemba
Kiapo ni kiapo. Lakini mtaa wa nyuma yupo jamaa anakaanga taamiya: ful imesagwa na giligilani, inaelea kwenye mafuta. Inshirah hamjui. Nimesimama pale, nimetafakari sana. Daktari kakataza ful. Taamiya ni bajia.
Nimeagiza sita.